Mimea ya mikebeni hufa maji, si kiu

Mama yangu mzazi alipofariki mapema mwaka jana, sisi watoto wake tuligawana vitu vyake bila mzozo wowote, maana havikuwa vingi. Dada yangu alichukua meza na mizani aliyouzia mboga sokoni Kawangware kwa zaidi ya miaka ishirini. Kaka yangu akachukua redio. Nami nikachukua mshubiri.

Mshubiri huo ulikuwa umepandwa katika mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, ambao rangi yake ilikuwa imekwisha kubambuka kwa kutu, na ulikaa dirishani pa chumba chake tangu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Kila mmoja wetu aliwahi kupakwa utomvu wake alipoungua jikoni, na kitinda mimba wetu aliachishwa ziwa kwa utomvu huo huo, hivi kwamba hadi leo akisikia mtu akisema kitu ni kichungu kama shubiri hukunja uso. Si ua la thamani. Wapita njia huko Kawangware huweza kukupa chipukizi lake bure ukiwaomba kwa heshima. Lakini kwangu haukuwa mmea tu, na nadhani msomaji anafahamu ninalomaanisha.

Niliuchukua hadi nyumbani kwangu, ambako bomba hutoa maji karibu kila siku, nikauweka rafuni sebuleni. Baada ya wiki moja niligundua kwamba mkebe ulikuwa ukiacha alama za kutu juu ya rafu. Basi nikaenda kwa wauzaji wa miche na vyungu walio kando ya Ngong Road, nikanunua chungu kizuri cha kauri chenye kung'aa, nikautumbukiza mkebe ndani yake, mambo yakapendeza. Kila jioni nilipotoka kazini nilijaza gilasi ya maji nikaumwagilia. Nilikuwa nikiusemesha pia, na sioni haya kulikiri hilo katika safu hii.

Ilipofika Julai, majani ya chini yalianza kugeuka. Kwanza yalipoteza ukijani, kisha yakawa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na hatimaye yakalegea na kuinama ukingoni mwa chungu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nilipoona mmea umelegea nilifikiri kile ambacho karibu kila mtu hufikiri: una kiu. Nikaongeza gilasi ya asubuhi.

Mpwa wangu, ambaye yuko Gredi ya Tano, alikuja kututembelea siku moja ya Jumapili akautazama kwa muda mrefu. "Mjomba," akaniuliza, "wewe si ni daktari?" Nikamweleza kwa mara nyingine kwamba mimi ni daktari wa isimu, na kwamba shahada yangu hainiruhusu kumtibu mtu wala mti. Hakuridhika.

Msaada niliupata Kibera, mahali ambapo sikuwa nimeutafuta. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda mtaa wa Makina kurekodi mazungumzo ya wazee wanaosema Kinubi. Wasomaji wengi wanajua kwamba jina la Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu au kichaka, na kwamba Wanubi waliletwa huku kama askari wa jeshi la Waingereza, wakapewa ardhi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 wakati ambapo kweli ilikuwa msitu. Lugha yao ni krioli yenye asili ya Kiarabu, na mtaalamu wa Kijerumani Bernd Heine aliiandikia kitabu mwaka 1982. Mojawapo ya maneno ambayo humchekesha mgeni anayejua Kiswahili ni moyo. Kwa Kinubi, moyo ni maji.

Mama ninayemzungumzia amepita umri wa miaka sabini. Nyumba yake ina uwanja mdogo mbele, na katika uwanja huo mna magunia manne ya sukuma wiki, debe la rosemari na mikebe isiyohesabika. Siku hiyo nilipokuwa nikifunga kinasa sauti nilimweleza habari za mshubiri, nikitarajia labda kuambiwa nitie mbolea.

"Unaunywesha mara ngapi?" akaniuliza.

"Kila siku, mama. Siku hizi mara mbili."

Alinyamaza kidogo. "Na mkebe una tundu chini?"

Nikasema una matundu manne, marehemu aliyatoboa mwenyewe kwa msumari.

"Na hicho chungu ulichouvika?"

Sikuwa na jibu. Chungu cha kauri hakikuwa na tundu hata moja. Kwa miezi mitano maji yaliyotoka kwenye matundu ya mama yangu yalikuwa yakijikusanya katika chungu changu, na mkebe ukakaa ndani yake kama mtu aliyesimama kisimani.

"Mwanangu," akasema, "mmea wako hauna kiu. Umekufa maji. Nenda ukautoe leo, usingoje kesho."

Naomba msomaji aniruhusu nisimame kidogo hapa, kwa kuwa usemi huo wa kufa maji tunautumia kila siku bila kuutazama. Tunasema mtu amekufa njaa, amekufa kiu, amekufa maji. Katika viwili vya kwanza, nomino hutaja kilichopungua mwilini. Katika cha tatu hutaja kilichozidi. Kiswahili kimeviweka vyote katika muundo mmoja bila kiunganishi, na anayejifunza lugha hii ukubwani hukwama hapo hapo. Nilikuwa nimefundisha tofauti hiyo darasani kwa zaidi ya miaka kumi. Sikuwahi kufikiri kwamba mmea uliomo mkebeni waweza kufa maji kwa maana ile ile ya mtu aliyezama ziwani, yaani kwa kukosa hewa.

Na hiyo ndiyo maana halisi. Udongo mzuri si kitu kizima kama tofali. Umejaa nafasi ndogo ndogo kati ya chembe zake, na nafasi hizo hugawana maji na hewa. Majani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini mizizi iko gizani. Nayo huhitaji hewa ya oksijeni ili iweze kuutumia ule chakula inaoteremshiwa na kupata nguvu ya kufyonza maji na madini. Tunapomwagilia kupita kiasi, maji huzijaza nafasi zote, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Mizizi huanza kukosa pumzi. Ikikosa pumzi hukosa nguvu, na ikikosa nguvu haiwezi tena kufyonza yale maji yaliyoizunguka. Basi majani hunyauka kwa kukosa maji ilhali mizizi imezama majini. Mtazamaji aliye juu huona dalili za kiu na kuongeza maji, na hivyo ndivyo nilivyofanya kila asubuhi na kila jioni.

Baada ya hapo huingia maadui wengine. Wapo viumbe wadogo wanaofanana na ukungu ambao hustawi katika udongo uliorowa, wakiwemo Pythium na Phytophthora. Mbegu zao zina mikia miwili midogo sana, nazo huogelea katika maji ya udongoni zikiitafuta mizizi iliyodhoofika. Jina Phytophthora lilibuniwa na Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876 kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mwangamizi wa mimea, na mmoja wa jamaa hiyo ndiye aliyeteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kusababisha njaa kuu. Wakulima wetu wa Nyandarua wanamfahamu vyema kila msimu wa mvua, ingawa si kwa jina hilo.

Basi nilirudi nyumbani usiku ule nikafanya kama nilivyoagizwa. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu nimeulizwa na walimu wenzangu wawili tangu hapo, na kwa sababu hatua hizi hazihitaji kifaa ambacho hakipatikani katika nyumba ya kawaida ya Kibera au Kawangware.

Nilitandaza gazeti sakafuni, nikaupindua mkebe nikiushika mmea kwa shina, nikaugonga mgongoni hadi udongo ukatoka mzima kama keki. Harufu iliyopanda ilikuwa ya mtaro wa maji machafu. Hiyo ni dalili kwamba udongo umekosa hewa kwa muda mrefu na kwamba vijidudu visivyohitaji oksijeni vimetawala. Niliupukutisha udongo wote wa zamani nikauweka kando ili usitumiwe tena mkebeni. Kisha nikaitazama mizizi. Mzizi mzima huwa mweupe au wa rangi ya maziwa, na ukiubonyeza huwa mgumu. Mzizi uliooza huwa wa hudhurungi au mweusi, huteleza, na ukiuvuta kwa vidole ganda lake huvuka lote likakuachia kijiuzi chembamba mkononi. Karibu mizizi yangu yote ilikuwa vijiuzi.

Nilikisafisha kisu kwa spiriti nikakata kila kilichooza, nikikifuta kisu kila mara ili nisihamishe uozo kutoka kidonda kimoja hadi kingine. Katika mmea wenye shina, mtu hukata mpaka pale anapoona nyama safi isiyo na doa la hudhurungi. Nilikata, nikakata tena, na kila nilipodhani nimefika bado palikuwa na doa. Mwishowe nilibaki na kichwa cha mshubiri chenye majani sita, bila mzizi hata mmoja. Pembeni, vimejificha chini ya majani yaliyooza, nikakuta vichipukizi viwili, kila kimoja urefu wa kidole gumba, vyenye mizizi michache mifupi na myeupe.

Hapa ndipo mimea inapotofautiana, na mtu asifuate maneno yangu kwa upofu. Mmea wenye majani membamba, kama vile miche ya bizari au maua ya kawaida ya sebuleni, ukisafishwa mizizi hivi haufai kuachwa nje ya udongo zaidi ya saa chache; hupandwa siku hiyo hiyo katika udongo mpya wenye unyevu wa kiasi, na theluthi moja ya majani yake hupunguzwa ili mizizi michache iliyobaki isielemewe. Lakini mshubiri na jamii nzima ya mimea inayohifadhi maji mwilini huachwa kivulini, juu ya gazeti kavu, hadi kidonda kifanye ganda. Niliuacha kwa siku nane. Mke wangu alisema unafanana na samaki aliyesahauliwa mezani.

Ni katika siku hizo nane za kuutazama ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka mapema. Neno shubiri limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake wa konsonanti tatu ndio ule ule uliotupa subira na kusubiri. Waarabu huita mmea huu na fadhila ile ya kuvumilia kwa maneno yanayokaribiana kiasi kwamba wanaleksika wao wa kale waliyajadili pamoja. Sisi tuliyapokea kwa njia mbili tofauti, moja ikiwa na sh na nyingine ikiwa na s, tukasahau kwamba ni ndugu.

Siku ya tisa nilichanganya udongo mwekundu wa kwetu Dagoretti na mchanga mnene wa mto, nusu kwa nusu. Niliyazibua matundu manne ya mkebe, ambayo kwa kweli yalikuwa yamezibwa na kutu na matope, nikaongeza mengine mawili. Nikapanda kichwa kikubwa katika mkebe wa zamani na vichipukizi katika mikebe miwili midogo. Sikuvimwagilia maji kwa siku kumi. Sikuvitia mbolea, kwa sababu mbolea ni chumvi, na chumvi huiunguza mizizi yenye vidonda. Niliviweka dirishani penye mwanga lakini pasipo jua kali la mchana. Chungu cha kauri nikampa mke wangu, sasa ana miiko yake ndani.

Watu wengi wamenishauri tangu hapo kwamba nilipaswa kutia kokoto chini ya mkebe ili maji yapite. Ushauri huu umeenea hata vitabuni, na ni kosa. Maji hayatoki kwa urahisi katika udongo laini kuingia katika kokoto zenye nafasi kubwa. Hung'ang'ania udongo mpaka udongo ulowe kabisa, ndipo yatone. Kokoto huinua tu lile tabaka la udongo uliorowa na kulisogeza karibu na mizizi. Mwalimu anayetaka kulithibitisha hilo darasani na achukue sifongo ya kuoshea vyombo, ailoweshe maji, aiinue ikiwa imelala bapa, angoje mpaka iache kudondosha. Kisha aisimamishe wima. Itaanza kudondosha tena, ilhali hakuongeza tone. Ndiyo maana mkebe mrefu hukauka vizuri kuliko sahani pana, na ndiyo maana tundu ni bora kuliko kokoto.

Msomaji wa Kibera atanipinga mara moja, na ana haki: mbona magunia yetu yana kokoto katikati? Ni kweli. Kilimo cha magunia kilienezwa sana Kibera na shirika la Kifaransa la Solidarités kuanzia mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati chakula kilipokuwa adimu na ghali mtaani. Anayelitengeneza gunia huweka mkebe usio na kitako katikati, akaujaza mawe, akazungushia udongo na samadi, kisha akauvuta mkebe juu na kuanza tena, mpaka gunia lijae na katikati yake pawe na mhimili wa mawe kutoka juu hadi chini. Sukuma wiki na spinachi hupandwa katika matundu ya ubavuni, vitunguu na dhania juu. Lakini mhimili huo umesimama wima, haukulazwa chini kama godoro. Kazi yake ni kuyagawa maji hadi kwenye miche ya chini ambayo yasingeifikia upesi kwa kupitia udongo peke yake. Hata hivyo, na hili nililionyeshwa na yule mama wa Makina katika gunia lake mwenyewe, gunia likizidishiwa maji, miche ya juu hustawi na ile ya chini hugeuka manjano, kwa kuwa kila kitu huteremka na kukaa kitakoni. Mwenye gunia huona manjano akafikiri maji hayafiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Inaweza kudhaniwa kwamba kumwagilia kupita kiasi ni ugonjwa wa wenye mabomba, na kwamba katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi wa lita ishirini hakuna mmea unaoweza kufa maji. Mimi pia nilidhani hivyo, na kisa changu kingeweza kutumiwa kama ushahidi: mama aliyenunua maji aliulea mmea kwa miongo, mwana aliyefungua bomba akauua kwa miezi mitano. Lakini tangu Agosti nimekuwa nikichungulia mikebe ya watu kila niendapo, kutoka Laini Saba hadi Gatina, na mambo si rahisi hivyo.

Kwanza, mikebe mingi haina tundu. Si kwa ujinga. Anayeishi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, akiwa na kitanda, jiko na vitabu vya watoto sakafuni, hawezi kuruhusu mkebe unaovuja. Pili, maji yanayonunuliwa hayatupwi. Yale yaliyoosha mchele, mboga, na hata vyombo, lazima yaende mahali, na mahali penyewe ni mkebeni au guniani. Maji ni kidogo nyumbani lakini ni mengi kwa mmea, na mara nyingine yana sabuni. Tatu, kuna mvua. Katika masika ya mwaka 2024, mvua zilipofurika Nairobi na kubomoa nyumba kandokando ya mito, magunia mengi yaliyosalia yalisimama katika maji kwa siku kadhaa, na wenyewe wakashangaa kuona mboga zikinyauka mwezi wa mvua.

Na nne, zipo shule. Hapa naomba radhi kwa walimu wenzangu. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, na hasa kwa kuwapo kwa somo la kilimo kuanzia Gredi ya Nne, watoto wa mjini wamepata fursa ya kupanda kitu kwa mikono yao. Ni jambo jema mno na silipingi. Lakini katika shule moja ya Kawangware, ambayo sitaitaja, nilionyeshwa ratiba nzuri iliyobandikwa ukutani: wanafunzi wawili kila asubuhi na wawili kila alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, wamwagilie miche. Kila mtoto hutiwa alama ya vyema anapotimiza zamu yake. Miche yenyewe, ya sukuma wiki, ilikuwa imelala chini, mashina yamekatika kwenye uso wa udongo kana kwamba yamebanwa kwa koleo. Mwalimu aliniambia kwa masikitiko kwamba watoto wa siku hizi hawana bidii. Nilitia kidole udongoni, kikatoka na tope. Bidii ndiyo iliyoiua miche ile, na kila mtoto aliyechangia kuiua alipata vyema.

Tatizo, kwa maoni yangu, liko katika sentensi tunayowafundisha. Tunawaambia mmea unahitaji maji, mwanga na udongo. Hewa tukiitaja, tunaitaja kwa ajili ya majani. Sijamsikia mwalimu akimwambia mtoto kwamba mizizi nayo hupumua. Fauka ya hayo, zamu huitwa zamu ya kumwagilia, na mtoto aliyepewa zamu ya kumwagilia hawezi kurudi akasema hakumwagilia. Ningependekeza zamu hiyo ibadilishwe jina na kazi, iwe zamu ya kupima udongo. Mtoto atie kidole hadi kiungo cha pili. Au atie kijiti kikavu, angoje dakika chache, akichomoe aone kama kimeshikwa na udongo mbichi. Au auinue mkebe aukadirie uzito, kwani mkebe mkavu ni mwepesi na mikono ya mtoto hujifunza upesi. Kisha aandike alichokiona daftarini. Akiandika kwamba udongo ni mbichi na kwamba hakuongeza maji, apate vyema kamili. Tena mwezi wa Julai, Nairobi inapofunikwa na mawingu na jina lake la Kimaasai la maji baridi linapokumbukwa na kila mwenye mifupa, zamu nyingi zingekwisha bila tone kumwagwa, kwa sababu mmea ulio kwenye baridi na mwanga hafifu hunywa kidogo sana.

Kwa wasio na nafasi ya mkebe unaovuja, yule mama wa Makina ana njia yake. Hutoboa mkebe, akauweka juu ya kifuniko cha ndoo. Akishamwagilia hungoja kadiri ya muda wa kuchemsha chai, kisha humwaga maji yaliyokusanyika kifunikoni katika mkebe mwingine. Maji hayapotei, sakafu hairowi. Nilimuuliza nani alimfundisha, akacheka.

Nirudi kwenye mshubiri. Kichwa kile kikubwa kilikaa mkebeni mwake kwa wiki saba. Majani mawili ya nje yalikauka, jambo ambalo lilitarajiwa. Wiki ya nane nilipokivuta polepole ili nione kama kimeshika, kilitoka chote mkononi mwangu, chini yake kukiwa kumelainika tena. Sikuwa nimekata vya kutosha. Kwa mmea mkubwa, kosa dogo la kisu halisahihishwi mara ya pili.

Vichipukizi vimeshika vyote viwili. Kimoja kina majani saba sasa. Mwezi uliopita nilimpelekea dada yangu cha pili huko sokoni Kawangware, akakiweka juu ya meza ya mama, kati ya nyanya na mizani. Nilianza kumweleza habari za mchanga, matundu na kidole, naye akanisikiliza kwa adabu huku akimhesabia mteja chenji.

"Kwani hukujua?" akasema nilipomaliza. "Mama alikuwa akiunywesha mara moja tu kwa mwezi, tarehe ya kulipa kodi ya nyumba, ili asisahau."

Sikuwa nimewahi kumuuliza.